Kutambua Kisu cha Kukunja cha Jeshi la Zamani: Mwongozo Kamili wa Kusoma Zana, Chapa na Umri Wake

Kisu cha kukunja cha jeshi si kitu adimu sana katika nyumba za Tabora na Kigoma. Hukaa ndani ya kopo la misumari, chini ya sanduku la marehemu babu, au kwenye turubai la muuza vyuma chakavu pembeni mwa soko, kikiwa kimeganda kwa kutu na mwenyewe hajui kilitoka nchi gani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukitambua hatua kwa hatua: kilitengenezwa wapi, kwa ajili ya jeshi gani, takribani lini, na kila zana iliyomo ilikuwa ya kazi gani. Nitashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni kwamba umbo na zana husomwa kabla ya chapa. Chapa hufutika na hughushiwa, na mtu mwenye hamu ya kuona mwaka fulani atauona hata pasipo na mwaka. Lakini idadi ya zana, umbo lake na mpangilio wake ndani ya mpini ni mambo magumu kubadilishwa.

Kabla ya kushika kisu chenyewe, inafaa kujua ni majeshi gani yaliyopita hapa, kwa sababu hilo hupunguza wigo wa kutafuta. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na vita vilipoanza mwaka huo huo wa 1914 njia hiyo ikawa uti wa mgongo wa jeshi la Wajerumani. Mwezi Julai 1916 Wabelgiji waliotoka Kongo na jeshi lao la Force Publique waliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Baadaye Waingereza walitawala hadi mwaka 1961, na jeshi lao la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita keya, liliandikisha vijana wengi wa Tanganyika waliopelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo kisu cha Mwingereza ndicho kinachotarajiwa zaidi, cha Mbelgiji au Mjerumani kinawezekana, na cha Mwamerika au Mswisi huenda kililetwa baadaye na mgeni, na msafiri, au hata ndani ya bunda la mitumba.

Hatua ya kwanza: kiache kilivyo

Uharibifu mkubwa hufanyika katika dakika chache za mwanzo, pale mwenye kisu anapochukua stilwaya na kuanza kusugua, au anapokipeleka kwa fundi wa kunoa mwenye jiwe la baiskeli. Jiwe lile hula chuma pamoja na maandishi yaliyo karibu na mpini, na maandishi hayo yakishaondoka hakuna njia ya kuyarudisha. Kutu iliyokwisha kutulia haitakimaliza kisu kwa wiki moja zaidi. Msasa utakimaliza kwa nusu saa.

Andaa vifaa vifuatavyo, ambavyo vingi unavyo nyumbani: rula yenye milimita, mizani ndogo (ya sonara ndiyo bora), tochi ya simu, lenzi ya kukuzia, sumaku ndogo iliyotolewa kwenye spika mbovu, mswaki laini, vijiti vya meno, mafuta ya cherehani, kitambaa cha pamba, chaki na daftari. Piga picha pande zote mbili, mgongoni na kwenye ncha zote mbili, rula ikiwa imelazwa kando ya kisu, kabla hujakigusa kwa chochote.

Jambo moja la usalama lisipitwe. Ikiwa kisu kimefukuliwa shambani au kwenye handaki la zamani, na karibu nacho kuna risasi, maganda yake au chuma kinachofanana na bomu, acha kuchimba, weka alama mahali hapo na utoe taarifa polisi. Baruti ya zamani haizeeki kwa namna ya kuwa salama.

Hatua ya pili: kukifungua bila kukivunja

Kisu kilichoganda kisifunguliwe kwa koleo. Weka matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, yaani pale ambapo ribiti inapita katikati ya zana, kisha kisimamishe wima ili mafuta yashuke ndani, na ukiache usiku kucha. Kesho yake jaribu zana moja moja kwa ukucha, ukianza na ile inayotingishika hata kidogo. Kama kijishimo cha ukucha kimejaa uchafu, kisafishe kwa kijiti cha meno. Zana ikikataa, ongeza mafuta na usubiri. Siku tatu za kusubiri si nyingi kwa kitu cha miaka themanini.

Usikipashe moto kwa sababu yoyote. Moto huondoa ugumu wa makali, hupasua pembe, na baadhi ya plastiki za zamani hushika moto haraka mno. Wakati wa kufunga, shika kisu kwa pande na usiache vidole kwenye mkondo wa ubapa, yaani bamba lenye makali, kwa kuwa springi iliyokuwa imelala miaka mingi huweza kuamka ghafla.

Hatua ya tatu: vipimo na mpini

Pima urefu wa kisu kikiwa kimefungwa, bila kuhesabu kipete cha kufungia kamba. Kisu kikubwa cha jeshi la Uingereza cha Vita Kuu ya Pili, kile chenye msumari mnene mgongoni, hukaribia sentimita 12. Kile kidogo kilichokuja mwishoni mwa vita hiyo hukaribia sentimita 9. Kisu cha chuma cha jeshi la Marekani nacho ni cha sentimita 9 na kidogo. Kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1890 kilikuwa na milimita 100 na uzito wa gramu 144, ilhali kile cha mwaka 1961 kina milimita 93 na gramu 72, yaani nusu kamili ya uzito wa babu yake. Tofauti ya milimita moja au mbili isikusumbue, kwa sababu kisu hulika kwa matumizi.

Kisha angalia vibao vya mpini. Mpini mweusi wenye michoro midogo ya miraba, unaokwaruza kidogo kiganjani, ni alama ya kawaida ya visu vya Uingereza. Katika visu vya mwanzo vya karne ya ishirini miraba hiyo ilichongwa kwenye pembe. Katika vile vya Vita Kuu ya Pili ilitolewa kwenye plastiki. Kuzitofautisha hakuhitaji sindano ya moto, jaribio ambalo watu hulipenda na ambalo huacha kovu la kudumu. Tazama ukingo wa kibao kwa lenzi chini ya tochi: pembe huonyesha tabaka na nyuzi zinazopinda, na mara nyingi huwa na vitobo vya wadudu, plastiki huwa na rangi moja hadi ndani, na ile ya asetati ikianza kuoza hutoa harufu ya siki. Mbao nyeusi za mwaloni ni za kisu cha kwanza cha Uswisi. Alumini yenye mifuo, nyepesi na isiyovutwa na sumaku, ni ya Uswisi kuanzia mwaka 1961. Mpini mzima wa chuma kisichoshika kutu unaweza kuwa wa Mwingereza wa baada ya vita au wa Mwamerika, na hapo zana ndizo zitakazoamua.

Sumaku itumike kwa tahadhari. Watu wengi huamini kwamba chuma kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku, na kwa sufuria hilo mara nyingi ni kweli; lakini chuma cha aina hiyo kinachotengenezewa visu huvutwa vizuri tu. Kazi ya sumaku hapa ni kutambua mabati ya ndani na ribiti: shaba na alumini hazivutwi.

Hatua ya nne: kusoma zana

Hapa ndipo pa kutumia muda. Fungua zana zote nusu, uweke kisu mezani, na uchore mpangilio wake daftarini: zana ipi inatokea upande upi, na ipi iko mgongoni. Kisha hesabu nafasi zilizo kati ya mabati ya ndani. Nafasi iliyo tupu maana yake ni kwamba zana fulani ilivunjika na kutolewa, na hilo hubadilisha jibu lote.

Anza na ubapa mkuu. Visu vingi vya Waingereza vina ubapa ambao makali yake yamenyooka kabisa, na mgongo wake ndio unaoinama mwishoni kuyafuata makali, kwa hiyo hakuna ncha kali ya kuchomea. Umbo hilo ni la mabaharia na wafanyakazi wa kamba: unaulaza ubapa juu ya kamba iliyo kwenye ubao, unapiga mgongo kwa gogo, kamba inakatika, na hata mkono ukiteleza au chombo kikiyumba hakuna anayechomwa. Visu vya askari wa Uswisi na Marekani vina ubapa wenye ncha katikati, pande zote mbili zikikutana kama ncha ya mkuki. Angalia pia kama ubapa umebadilishwa umbo. Fundi wa kunoa huweza kugeuza ubapa wa Kiingereza kuwa wenye ncha, na dalili yake ni kwamba ukifunga kisu, ncha haifiki mahali ilipopaswa kulala, au makali yamepanda juu kuliko ukingo wa mpini.

Zana ya pili ya kutafuta ni msumari mnene wa chuma, wa mviringo, uliochongoka, unaolala mgongoni mwa kisu kwa nje na kufunguka upande ulio kinyume na ubapa. Huo hupatikana katika visu vikubwa vya Uingereza na vya nchi zilizokuwa chini yake. Utasikia mara nyingi kwamba ulikuwa wa kutolea mawe kwenye kwato za farasi. Huenda kuna askari aliyeutumia hivyo, lakini umbo lake ni la kazi ya kamba: kupenya kati ya nyuzi za kamba nene ili kuziunganisha, na kufungua fundo lililokazwa na mvua kwenye hema au kwenye mzigo. Mvuvi yeyote wa Kibirizi akiushika ataelewa mara moja, bila kuelezwa habari za farasi.

Zana ya tatu ni kifungua kopo, nayo ndiyo inayonisaidia zaidi kuliko zote, kwa sababu kila nchi ililitatua tatizo la kopo la nyama kwa njia yake. Cha Mwingereza ni kifupi, kinene, chenye ncha ya kutoboa na meno au kulabu ya kushika ukingo wa kopo huku mkono ukikinyanyua. Cha kisu cha kwanza cha Uswisi ni kipana na kimepinda, karibu kiwe ubapa wa pili. Cha Mwamerika kina kulabu ndogo na makali mafupi, na kando yake kuna zana nyingine tofauti ambayo mwisho wake ni bisibisi bapa na ubavuni ina pengo la kufungulia soda. Kagua ncha ya kifungua kopo kwa lenzi: iliyovunjika au kupinda ni jambo la kawaida, na ni ushahidi mzuri kwamba kisu kilitumika kweli.

Bisibisi nayo ina habari zake. Uswisi iliagiza kisu cha askari kwa sababu bunduki mpya ya Schmidt-Rubin ya mwaka 1889 ilihitaji bisibisi ili kufunguliwa, na askari alihitaji pia kula chakula cha kopo. Ndiyo maana kisu cha mwaka 1890 kina zana nne tu: ubapa, bisibisi, kifungua kopo na msharasi wa kutobolea ngozi. Visu 15,000 vya kwanza vilitoka mwaka 1891 katika kiwanda cha Wester & Co. cha Solingen, Ujerumani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na uwezo wa kutengeneza idadi hiyo, kisha kazi ikachukuliwa na Karl Elsener, fundi wa visu wa Ibach, Uswisi. Kwa Mwingereza, katika visu vya chuma kitupu vya baada ya vita, bisibisi si zana inayokunjwa, bali ni ulimi bapa unaotokeza mwishoni mwa mpini. Ukiuona ulimi huo, pamoja na ubapa wenye makali yaliyonyooka na kifungua kopo, hujahitaji chapa yoyote kujua kisu ni cha jeshi gani.

Kuhusu msharasi, zana hiyo ipo kwa Mswisi na kwa Mwamerika, na haipo katika kisu cha kawaida cha Mwingereza, ambacho msumari wake mnene hautoboi ngozi vizuri. Tofauti hii ndogo huokoa muda mwingi.

Na sasa kizibuo, ile skrubu ya kuvutia vizibo vya chupa za mvinyo. Kisu chekundu chenye kizibuo ndicho kinacholetwa mara nyingi zaidi kwa jina la kisu cha jeshi la Uswisi, na mwenyewe hutaja bei kubwa. Kisu cha namna hiyo kilisajiliwa mwaka 1897 kama kisu cha maofisa, ambao walijinunulia wenyewe, askari hakukabidhiwa. Ni kisu kizuri, kinachofaa kazi, lakini ni bidhaa ya dukani, na askari wa Uswisi aliyesimama lindo katika miaka ya 1960 alikuwa na kile cha alumini kisicho na kizibuo.

Mjerumani nimemwacha mwisho kwa sababu ushahidi wake huku kwetu ni hafifu kuliko hadithi zake. Kisu chembamba chenye mpini wa bati jeusi lililokunjwa, na picha ya paka anayeruka pamoja na maandishi K55K, ni cha chapa ya Mercator. Askari wengi wa Kijerumani walikuwa nacho, lakini kiliuzwa pia kwa raia, kwa hiyo chenyewe pekee hakithibitishi jeshi. Kisu cha plastiki ya kijani kibichi chenye tai wa Kijerumani, cha milimita 108, chenye msumeno, ni cha jeshi la Ujerumani Magharibi lililoundwa baada ya Vita Kuu ya Pili, wala hakihusiani na Wajerumani waliojenga boma la Tabora.

Hatua ya tano: kusoma chapa

Chapa nyingi ziko kwenye shina la ubapa, yaani ile sehemu nene isiyo na makali iliyo karibu na ribiti, kwa pande zote mbili. Nyingine huwa kwenye kifungua kopo, kwenye kibao cha mpini, au kwenye bati la ndani. Ondoa uchafu kwa mswaki uliolowanishwa mafuta kidogo, futa, kisha sugua chaki juu ya shina na uifute kwa kidole kilichonyooshwa ili chaki ibaki ndani ya herufi. Zima taa ya chumba, ulaze tochi ya simu karibu usawa wa chuma, na uzungushe kisu polepole. Herufi isiyoonekana mwanga ukitoka juu huonekana mwanga ukitoka ubavuni.

Andika unachokiona, si unachokidhania. Kisu kimoja cha Ujiji nilichokikagua kilitoa hiki tu: mstari wa juu «DGERS & SO», mstari wa chini «FIELD», upande wa pili mshale, na tarakimu «194» ikifuatiwa na shimo la kutu. Mbele ya jina kulikuwa na nyota na msalaba mdogo. Nyota na msalaba ni alama ya Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, mshale ni wa serikali ya Uingereza, na mpini wa plastiki wenye miraba pamoja na msumari mnene vilikwisha kusema Vita Kuu ya Pili. Tarakimu ya mwisho haikuwepo, kwa hiyo katika kumbukumbu kisu kiliandikwa kuwa ni cha miaka ya 1940, basi.

Mshale huo unahitaji maelezo. Ni mistari mitatu mifupi inayokutana juu, mfano wa unyayo wa kuku kwenye tope, na ulipigwa kwenye mali yoyote ya serikali ya Uingereza, si ya jeshi la nchi kavu peke yake. Ukiwa katikati ya herufi W na D, ni wa wizara ya vita. Ukiwa ndani ya herufi C kubwa, kisu ni cha Kanada. Ukiwa kati ya D mbili, ni cha Australia. Na ukiona mishale miwili iliyogusana kwa ncha, maana yake ni kwamba serikali ilikwisha kukiuza kisu hicho kihalali kutoka ghalani. Familia yenye kisu kama hicho haina haja ya kuficha chochote.

Majina ya watengenezaji wa Sheffield utakayokutana nayo ni pamoja na George Wostenholm, ambaye chapa yake ni I*XL, Harrison Brothers & Howson, na Wade & Butcher. Kwa Solingen, pacha wawili waliosimama ni wa J. A. Henckels. Kwa Marekani, tafuta herufi U.S. kwenye mpini na jina Camillus, Ulster, Imperial au Kingston kwenye shina, mara nyingi pamoja na mwaka kamili. Visu vya askari wa Uswisi vina jina la Victorinox au Wenger na tarakimu mbili za mwisho za mwaka, kwa hiyo «74» ni 1974. Herufi ABL ni za jeshi la Ubelgiji, kifupi cha jina lake kwa Kifaransa na Kiflemi, na kwa mtu wa Kigoma zinafaa kukumbukwa, kwa sababu vitu vya jeshi hilo vilivuka ziwa kutoka Kongo.

Namba ndefu ya tarakimu 13 ni ya ghala la nchi za NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Tarakimu nne za kwanza hutaja aina ya kifaa, mbili zinazofuata hutaja nchi iliyokisajili: 99 ni Uingereza, 00 na 01 ni Marekani, 12 ni Ujerumani, 13 ni Ubelgiji, 14 ni Ufaransa, 21 ni Kanada.

Hatua ya sita: kuweka mipaka ya umri

Kisu kisicho na mwaka hakikosi umri. Kinahitaji kuwekewa mipaka miwili, wa chini na wa juu. Mpaka wa chini ni kitu cha karibuni zaidi kilichomo ndani yake. Chuma kisichoshika kutu cha visu kilianzia Sheffield mwaka 1913 katika kazi ya Harry Brearley, kwa hiyo ubapa wa chuma hicho hauwezi kuwa wa kabla ya hapo, na katika visu vya majeshi ulichelewa zaidi: ule wa askari wa Uswisi ulikuja na modeli ya mwaka 1951. Jina Victorinox lilianza mwaka 1921. Maneno ya Ujerumani Magharibi yanaangukia kati ya 1949 na 1990. Jina la nchi likiwa limepigwa kwenye chuma, kwa kawaida kisu ni cha baada ya sheria za alama za bidhaa za Uingereza za mwaka 1887 na za Marekani za mwaka 1890, ingawa kukosekana kwa jina la nchi hakuthibitishi kwamba kisu ni cha zamani zaidi. Namba ya NATO haiwezi kutangulia NATO yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1949.

Mpaka wa juu ni mgumu zaidi. Mwaka uliopigwa ni wa kutengenezwa, na visu vilikaa ghalani miaka kadhaa kabla ya kugawiwa. Ndiyo maana kisu cha 1941 kinaweza kuwa kilitolewa 1950, lakini kisu cha 1952 hakikuwepo Burma mwaka 1944.

Hapo ndipo hekima ya mazungumzo inapohitajika. Ukigundua kwamba kisu kinachosemwa ni cha babu alipokuwa Burma kina chapa ya 1952, usimwambie mjane wake kwamba hadithi ni ya uongo. Kisu na vita ni mambo mawili. Babu angeweza kwenda Burma, akarudi, akabaki keya, akapewa kisu kipya miaka minane baadaye. Au kisu chake cha kwanza kilipotea akanunua kingine. Msalimie bibi, kaa, uliza alitoka jeshini mwaka gani na kama kuna nishani au karatasi za kuachishwa, maana hizo ndizo hutaja kikosi na mwaka wa huduma. Kisu huonyesha nani aliyekiagiza. Mara chache sana huonyesha nani aliyekibeba. Isipokuwa pale ambapo mwenyewe aliandika: herufi za jina au namba zilizokwaruzwa kwa msumari kwenye kibao cha mpini zina thamani kuliko chapa ya kiwanda, na wanunuzi wengi huzisafisha wakidhani ni uharibifu.

Hatua ya saba: kushuku

Visu vya kuiga vyenye mshale na mwaka wa vita hutengenezwa hadi leo. Dalili huwa kadhaa kwa pamoja, wala moja haitoshi. Herufi za kiwanda cha zamani zilipigwa kwa nyundo au mashine, kwa hiyo zina kina na kingo zake zimevimba kidogo; za kuchomwa kwa mashine za kisasa ni za juu juu na zote zina kina kimoja. Uchakavu uwe mahali pa mkono: miraba ya mpini ikiwa imelika pote sawasawa, au ikiwa mikali kama ya jana ilhali ubapa umejaa kutu, jiulize. Kutu ya asidi huwa na vishimo vidogo vinavyolingana kila mahali, hata ndani ya viungo ambako mafuta yangekuwa yameilinda. Chapa iliyopigwa juu ya kutu ni chapa mpya. Na kifungua kopo kisichoweza kufungua kopo, kwa kuwa hakikunolewa wala ncha yake haifiki kwenye bati, kilitengenezwa kwa ajili ya kuonyeshwa.

Kuhusu bei, nitapita haraka. Kisu cha kawaida cha Uingereza cha Vita Kuu ya Pili kilitengenezwa kwa wingi mkubwa mno, na anayekuahidi mamilioni anataka ulipie kwanza gharama ya kukithibitisha.

Hatua ya nane: kuandika kumbukumbu, kisha kusafisha

Jaza ukurasa mmoja kwa kila kisu: urefu, uzito, mpini, idadi ya zana na nafasi tupu, chapa kama zilivyosomeka pamoja na mapengo yake, mipaka ya umri, jina la aliyekuwa nacho na jinsi kilivyofika kwako. Tenganisha yale uliyoyaona kwa macho na yale uliyosimuliwa. Ukurasa huo ndio utakaokusaidia ukitaka maoni ya mtu mwingine, hata wa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, kwa maana picha bila vipimo hazimwelezi mtaalamu mengi. Ukilazimika kusafiri nacho kwa ndege, kiweke kwenye mzigo wa chini, mkononi kitanyang'anywa.

Sasa unaweza kusafisha. Kutu nyekundu inayochafua vidole ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na iliyokaza ikwanguliwe kwa kipande cha shaba, ambacho ni laini kuliko chuma na hakiachi mikwaruzo. Sarafu ya shaba iliyochakaa inafaa. Mafuta ya taa yasiguse vibao vya plastiki. Weusi uliotulia kwenye ubapa uache, kwa sababu unakinga chuma kilicho chini yake. Usinoe. Maliza kwa tone la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, futa yanayobaki, na uchague mahali pa kuhifadhi: si ndani ya ala ya ngozi, ambayo hunyonya unyevu na kuigeuza shaba kuwa kijani, wala si ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, hasa kwa nyumba za Kigoma zilizo karibu na ziwa. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha, na kisu cha plastiki chenye harufu ya siki kiwekwe mbali na vingine, kwa kuwa mvuke wake hula chuma cha jirani.